Bao halina mwenyewe

Wadau, mwezi uliopita nilikwenda Muleba kufuatilia habari ya bei ya kahawa, nikaishia kijiweni kwenye bao. Nikaanza kupanga kama nilivyofundishwa Dar nikiwa chuo: kete 10 ubaoni, 22 mkononi. Mzee mmoja akazikusanya zote, akapanga mbilimbili kila shimo. "Kijana, sisi hapa tunacheza hivi." Nikacheza la kwao. Nikafungwa vibaya.

Ndani ya Hiace kurudi Bukoba nikajiuliza: nani anaweza kumwambia yule mzee kwamba bao lake limepitwa na wakati? Hakuna.

Wenye kucheza michezo ya dukani wanaambiwa. Chukua Dungeons & Dragons, mchezo wa hadithi na dadu uliotolewa Marekani na kampuni ya TSR mwaka 1974. Wizards of the Coast waliinunua TSR mwaka 1997, nao wakanunuliwa na Hasbro mwaka 1999. Mwaka 2000 likatoka toleo la tatu, pamoja na leseni ya kuruhusu wengine kuchapa vitabu kwa kanuni zake. Mwaka 2008 likaja toleo la nne, tofauti kabisa. Aprili 2009 kampuni ikaacha kuuza nakala za kielektroniki, hata za matoleo ya zamani, ikilalamikia wizi. Mpenzi wa toleo la zamani akabaki na kitabu chake kilichochakaa.

Lakini leseni ilikuwa imeandikwa. Agosti 2009 kampuni ya Paizo ikaitumia kutoa Pathfinder, mchezo uliojengwa juu ya kanuni zile zile za toleo la tatu, na wachezaji wengi wakahamia huko. Mwaka 2012 Wizards wakachapa upya vitabu vya toleo la kwanza. 2013 nakala za kielektroniki zikarudi sokoni. Mwaka 2023 walipotaka kuibadili ile leseni, wachezaji wakapiga kelele mpaka wakarudi nyuma.

Tuseme ukweli: wale waliokolewa na karatasi. Bao la mzee wa Muleba halina mwenyewe wa kulifuta, lakini halina wa kulichapa upya pia. Limo kichwani mwake, na siku ile kijana pale kijiweni nilikuwa peke yangu.

Nimenunua daftari. Jumamosi narudi Muleba kufungwa tena, safari hii nikiandika. Nawe kama babu yako anacheza, muulize leo.

Nawasilisha.