Msafiri na Sauti za Njiani

Siku hizi mtu aingiapo katika motakaa, hutazamia kukuta redio kama atazamiavyo kukuta kiti. Dereva atia ufunguo, injini yaunguruma, na kabla gurudumu halijazunguka, sauti ya muziki au ya msomaji wa habari imekwisha kulijaza gari. Watoto wa shule waliniuliza siku moja kama motakaa na redio zilizaliwa pamoja. Naliwajibu kwamba sivyo. Lakini jibu hilo fupi halikunitosha mimi mwenyewe, kwa kuwa nyuma ya swali lao naliona swali jingine kubwa zaidi: Mtu aliye safarini amesikiliza nini tangu zamani, na ni nani aliyemchagulia sauti hizo? Basi, wasomaji wapenzi, na tuitazame habari hiyo tangu mwanzo.

Wazee wetu waliosafiri kwa miguu hawakwenda kimya. Katika njia kuu ya misafara, iliyotoka pwani karibu na Bagamoyo ikapita Ugogo mpaka Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, na kuendelea mpaka Ujiji, wapagazi walikwenda kwa sauti. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, watu waliosifiwa kwa nguvu na uvumilivu. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, wala safari haikuwa ya siku chache. Waingereza Burton na Speke walipotoka pwani mwaka 1857, walifika Unyanyembe siku ya 134, nao walikuwa wamekwenda kadiri ya maili 600. Mtu ajiulize: Angewezaje kubeba ratili 70 siku hizo zote, jua na mvua, bila kitu cha kumtia moyo?

Mbele ya msafara alikwenda kirangozi. Yeye alivaa nguo nyekundu na manyoya ili aonekane, akachukua bendera, na karibu naye alikwenda mpiga ngoma. Palikuwa pia na pembe ya mnyama iliyoitwa barghumu, ambayo sauti yake ilisikiwa mbali. Wapagazi wa pembe za ndovu walifunga kengele katika ncha ya pembe, nayo ililia kwa kila hatua. Heshima ya kirangozi ilikuwa kubwa. Burton aliandika kwamba mtu aliyemtangulia njiani alitolewa mshale mmoja katika podo lake, wala hakurudishiwa mpaka alipoukomboa mwisho wa mwendo. Sheria hiyo ilikuwa na maana, maana kama kila mtu angejitia mbele, nani angejua njia, na nani angeisikia ngoma?

Kirangozi alipoanza wimbo, wengine wote waliitikia. Waliimba habari za nyumbani, na chakula, na matajiri wao, wawe wakarimu au wachoyo. Wimbo haukuwa pambo tu. Ulipanga hatua za watu, ukamwambia aliye nyuma kwamba wenzake hawako mbali, ukawaonya wenye vijiji kwamba wajao ni wafanya biashara wasiojificha. Aliyekuwa mgonjwa au mchovu alijulikana upesi, kwa sababu sauti yake ilipungua. Hivyo katika msafara msikilizaji na mwimbaji walikuwa mtu yule yule, na sauti ilitoka katika kazi yenyewe.

Reli ndiyo iliyoanza kuinyamazisha njia hiyo. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na ile ya kutoka Dar es Salaam ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mizigo iliyobebwa na mamia ya watu sasa ilibebwa na gari moshi moja. Hata hivyo wapagazi hawakwisha mara moja. Katika vita vya 1914 mpaka 1918 watu wengi mno walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, na wengi wao hawakurudi. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam, na lile la Kariokor katika Nairobi, ni kumbukumbu yao hata leo.

Sasa tuje kwenye motakaa. Mjerumani Carl Benz alipata hati ya gari lake la injini mwaka 1886, na huko Marekani Henry Ford alianza kuuza gari lake liitwalo Model T mwaka 1908. Madereva wa kwanza hawakuwa na cha kusikiliza ila gari lenyewe, na hilo liliwatosha. Dereva mzuri aliijua afya ya injini kwa sikio, kama mama ajuavyo kilio cha mtoto wake. Mlio ukibadilika, alisimama akafungua kifuniko atazame.

Redio ilipoanza kuenea katika nyumba za watu baada ya mwaka 1920, wengine walitamani kuichukua njiani. Lakini mambo matatu yaliwazuia. Kwanza, redio za siku zile zilikuwa kubwa na nzito, tena zilitumia taa za vioo zilizohitaji nguvu nyingi za umeme, hata ilibidi betri nyingine ziwekwe chini ya sakafu ya gari. Pili, waya wa kunasia mawimbi ulikuwa mrefu, ukatafutiwa nafasi juu ya paa au chini ya gari. Tatu, na hili ndilo lililosumbua zaidi, cheche za umeme ziwashazo petroli katika injini zilitoa mawimbi yao wenyewe, na redio ikayanasa. Mtu alitaka kusikia muziki, akasikia mkwaruzo mtupu.

Aliyefungua mlango huo kwa watu wa kawaida alikuwa Paul Galvin wa Chicago. Yeye na ndugu yake Joseph walianza kazi yao mwaka 1928, na mwaka uliofuata biashara za Marekani zikaanguka vibaya. Galvin alihitaji kitu kipya cha kuuza, la sivyo angefunga milango. Mafundi wake wakashughulika na ule mkwaruzo mpaka wakaupunguza. Mwezi wa Juni mwaka 1930 alitia redio katika gari lake mwenyewe, akaendesha mpaka Atlantic City, mahali walipokutanika wenye viwanda vya redio. Hakuwa na meza ndani ya mkutano, basi akaliweka gari nje, akaifungulia redio ili wapitao wasikie. Wakasikia, wakanunua. Redio hiyo akaiita Motorola, na baadaye, mwaka 1947, jina hilo likawa jina la kampuni yote. Katika Ujerumani nako kampuni ya Blaupunkt ilitoa redio ya gari mwaka 1932, nayo ilikuwa na uzito wa kilo 15 hivi.

Watu hawakuipokea wote kwa furaha. Walikuwako katika Marekani, kwa mfano katika jimbo la Massachusetts, waliotaka redio ikatazwe kabisa katika magari. Walisema kwamba itamvuta dereva aache kuiangalia njia, au itamwimbia mpaka alale. Wengine walijibu kwamba itamwamsha, tena itampa habari za mvua na za njia mbovu. Walioipenda walishinda, na redio ikabaki; lakini hoja ya wale wa kwanza haikufa, na tutairudia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kampuni ya Chrysler ilijaribu kutia santuri katika magari yake ya mwaka 1956. Sahani zake zilizunguka polepole sana, na upande mmoja ulicheza kama dakika 45. Lakini sahani zenyewe zilikuwa chache na mashine ikasumbua, basi jambo hilo likaachwa. Kilichofaa zaidi kilikuwa kile kidude kiitwacho transista, kilichovumbuliwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1947, maana kilichukua mahali pa zile taa za vioo, na redio ikawa ndogo na nyepesi, isiyomaliza betri. Nchi zetu nazo zilikuwa zikipata vituo vya kutangaza: Nairobi ilianza mwaka 1928, na Dar es Salaam mwaka 1951. Kisha mwaka 1963 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilionyesha kaseti, kitu kidogo cha kutiwa mfukoni, nayo ikaingia katika magari kabla miaka kumi haijapita. Zikafuata sahani zisomwazo kwa mwanga, na leo simu ya mkononi huweza kuchukua nyimbo maelfu.

Tuyatazame mabadiliko hayo vizuri. Katika msafara wote waliimba. Redio ilipokuja, mmoja alisema na wengi wakasikiliza, lakini angalau wote walisikia jambo moja kwa saa moja. Kaseti ilimpa kila mwenye gari uwezo wa kuchagua. Na simu imempa kila abiria vifaa vyake vya masikioni, hata watu hamsini waketi katika basi moja, kila mmoja na safari yake. Ila dereva ndiye achaguaye sauti ya gari zima, naye amezishika roho zetu.

Mwaka mmoja nalisafiri kwa basi kwenda kwa wazazi wangu. Muziki ulikuwa mkubwa, hata mtu na jirani yake hawakuweza kusemezana. Sisi tulioketi nyuma tulisikia chini yetu mlio wa kugonga, ng'o, ng'o, ukiongezeka kila basi lilipopinda. Tukaita, lakini kondakta aliyekuwa mlangoni hakutusikia. Ndipo mzee mmoja aliposimama, akashika kiti kwa kiti mpaka mbele, akamgusa dereva begani. Akasema, "Mwanangu, zima hiyo kidogo usikie gari lako." Dereva alikunja uso, akazima. Kwa muda wa pumzi mbili tatu palikuwa kimya. Kisha naye akausikia. Akasimamisha basi pembeni. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepoteza nati tatu, na zilizobaki zilizunguka kwa vidole. Mbele yetu ulikuwa mteremko mrefu.

Dereva alipokwisha kufunga nati, alimwendea yule mzee akasema, "Shikamoo, baba. Ahsante." Mzee akajibu, "Marahaba, mwanangu." Tukaenda kwa kimya mwendo wa saa nzima, mpaka mzee mwenyewe akasema, "Sasa washa, lakini utuachie nasi nafasi ya kusema." Akawasha, sauti ikawa ndogo, na safari ikawa njema.

Sisemi kwamba redio ni mbaya. Imewaletea wasafiri habari za mafuriko na za njia zilizofungwa, na imewaondolea wengi upweke wa usiku. Lakini wimbo wa kirangozi ulitoka katika mwendo wenyewe. Haukuweza kumficha mtu hatua zake. Sauti ya redio yatoka mbali, haijui kwamba nati imelegea wala kwamba mtoto anavuka njia. Tena haiponyi usingizi. Dawa ya usingizi ni kulala. Mshika mbili moja humponyoka, na mwenye usukani akimpa mwimbaji masikio yake yote, kitakachomponyoka si chake peke yake.

Basi, wewe uliye dereva, ikiwa watu wako wa nyuma wakiita hutawasikia, sauti imezidi. Nawe abiria, usiogope kusimama kama yule mzee na kusema neno kwa adabu. Zamani aliyemtangulia kirangozi alitolewa mshale. Leo anayemwonya dereva kwa upole hastahili kutolewa kitu. Yafaa apewe nafasi ya kupita mpaka mbele.