Homa ya ini: Matokeo mazuri ya vipimo si ruhusa ya kukwepa kliniki

BAADHI ya wagonjwa wa homa ya ini aina ya B wakishaambiwa kwamba vimeng'enya vya ini viko sawa, huona hakuna haja ya kurudi kliniki. Hiyo ni hatari, kwani virusi vinaweza kuendelea kulidhuru ini bila maumivu yoyote.

Ugonjwa huu huitwa sugu virusi vinapokaa mwilini kwa zaidi ya miezi 6. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka wa 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi nao. Wanaouawa nao hufariki hasa kwa sababu ya ini kujaa makovu au kupata saratani.

Vimeng'enya vinavyopimwa zaidi ni ALT na AST. Hizi ni protini zinazofanya kazi ndani ya seli za ini. Seli hizo zinapojeruhiwa, vimeng'enya huvuja na kuingia katika damu. ALT hutoka zaidi kwenye ini, ilhali AST hupatikana pia katika moyo na misuli.

Kulingana na mwongozo wa WHO wa mwaka wa 2024, ALT haifai kuzidi yuniti 30 kwa lita kwa wanaume na 19 kwa wanawake. Maabara nyingi hutumia kikomo cha juu zaidi, kama vile 40. Kwa hivyo, cheti kinachosema "kawaida" kinaweza kuficha tatizo.

Aidha, aghalabu ini huharibiwa na kinga ya mwili inapopambana na virusi, wala si na virusi vyenyewe. Ndiyo maana aliyeambukizwa wakati wa kuzaliwa anaweza kuwa na virusi vingi huku ALT ikibaki chini kwa miaka mingi. Hata mwenye makovu ya ini anaweza kupata matokeo ya kawaida.

Vilevile, ALT ikipanda, chanzo huenda kikawa pombe, mafuta kwenye ini, dawa za kifua kikuu au baadhi ya miti shamba. Mgonjwa anapaswa kumweleza daktari kila anachotumia.

Kwa sababu hizo, daktari hulinganisha ALT na wingi wa virusi, idadi ya chembe zinazogandisha damu na picha ya ini. Vipimo hurudiwa angalau mara moja kwa mwaka, na kwa wengine kila baada ya miezi 3 hadi 6.

Anayetumia dawa kama tenofovir asiache kwa hiari yake eti kwa kuwa ALT imeshuka. Virusi vinaweza kuchachamaa upya na kuliangamiza ini.

Ni vyema mgonjwa aombe tarakimu zenyewe na kuhifadhi kila cheti, kwani mwelekeo wa miaka kadhaa hueleza mengi kuliko kipimo kimoja. Jamaa zake nao wapimwe, na wasioambukizwa wapewe chanjo.