Mjusi Mwenye Jina la Tanga

Ukiwatajia watu wanyama wa kale wa Tanzania, mawazo yao hukimbilia Tendaguru, huko Lindi, ambako Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913 na kupakia melini shehena ya mifupa hadi Berlin. Lile jitu lililosimamishwa katika makumbusho ya huko, lenye kimo cha zaidi ya mita 13, limetuziba macho hata wadogo hatuwaoni.

Mdogo ninayemkusudia ni Tangasaurus mennelli. Jina lake la kwanza ni la mji wa Tanga. La pili ni la F. P. Mennell, mwanajiolojia aliyewahi kuwa mtunzaji wa makumbusho ya Bulawayo. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha na Tanganyika imo mikononi mwa Waingereza. Vipande vya mawe vilivyobeba mifupa vikapelekwa Cape Town, na mwaka 1924 Sidney Haughton akamweleza mnyama huyo na kumpa jina. Vielelezo alivyokuwa navyo vilikuwa viwili tu.

Ni mnyama wa umbo la mjusi, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, kabla hata ya madinosau. Mkia wake ndio unaomtambulisha: ulikuwa umebanwa ubavuni na kwenda juu, mkia wa kupiga maji kama kafi, si wa kuburuta mchangani. Philip Currie wa Kanada, aliyemchunguza upya na kuandika juu yake mwaka 1982, naye alimwona kuwa ni muogeleaji.

Jamaa yake wa karibu yuko Madagaska, naye ni Hovasaurus. Huyu ameonekana kwa wingi, na katika tumbo lake wataalamu wamekuta changarawe nyingi, ambazo inadhaniwa alizimeza ili azame kwa urahisi. Manahodha wetu hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Jahazi tupu nalo hutiwa mawe, yakaitwa farumi. Basi mjusi alikuwa na farumi yake mamilioni ya miaka kabla ya jahazi la kwanza kutweka tanga.

Wala asidhani msomaji kwamba jamaa hawa walivuka bahari kutembeleana. Bahari ya Hindi haikuwapo. Madagaska ilikuwa imeambatana na pwani yetu hii, na iliachana nayo baadaye sana. Walikuwa majirani wa bara moja. Wataalamu wakauita ukoo wao Tangasauridae, kwa hiyo yule wa Madagaska, kwa vitabu vya sayansi, ni wa ukoo wa Tanga! Sijui Wamalagasi wanalionaje hilo.

Watu wa Tanga wanamjua zaidi silikanti, samaki wa kale anayenaswa na wavuvi wao, na ambaye hifadhi ya bahari ilianzishwa kwa ajili yake mwaka 2009. Ni haki yake. Lakini samaki huyo anapatikana pia Komoro na Afrika Kusini, ilhali mjusi jina lake ni Tanga tupu. Sidai mawe yale yarudishwe kesho. Yametunzwa vizuri, na bila kutunzwa tusingekuwa na cha kuzungumza. Nakala ya plasta ingetosha, iwekwe mahali ambapo mtoto wa Chumbageni au Makorora anaweza kufika kwa miguu akitoka shule.