Misa ya Zamani na Umoja wa Kanisa

Somo letu la historia leo ni habari ya ugomvi ndani ya Kanisa Katoliki. Msomaji, uwe Mkristo au Mwislamu, habari hii yakuhusu, kwa sababu swali lake limo katika kila nyumba: watu wakigombana juu ya desturi, ni nani mwenye neno la mwisho?

Muulize mzee Mkatoliki aliyezaliwa kabla ya mwaka 1950. Atakuambia kwamba utotoni mwake Misa ilisomwa kwa Kilatini, na padre alielekea altare, akiwapa watu mgongo. Waamini walipiga magoti, wakapokea komunyo kwa ulimi. Wengi hawakukielewa Kilatini, lakini walikiheshimu.

Basi, tangu 1962 mpaka 1965 maaskofu wa dunia nzima walikutana Roma katika Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano. Miongoni mwao alikuwamo Kardinali Laurean Rugambwa wa Bukoba, ambaye baadaye, tangu 1968 hata 1992, aliongoza Jimbo Kuu la Dar es Salaam. Mtaguso ulikubali lugha za wenyeji zitumike zaidi katika ibada, nacho Kiswahili kikaingia altareni. Mwaka 1969 Papa Paulo wa Sita alitoa utaratibu mpya wa Misa. Mwaka huo huo Roma ilikubali kwamba maaskofu wa nchi waweza kuomba ruhusa ili waamini wapokee komunyo mkononi.

Wengi walifurahi. Wengine waliona wamenyang'anywa urithi wao. Askofu Mkuu Marcel Lefebvre, Mfaransa aliyewahi kuwa mmisionari Gaboni na askofu mkuu wa Dakar, aliyapinga mageuzi hayo. Mwaka 1970 alianzisha shirika lake huko Uswisi. Mwaka 1988 akawapa mapadre wanne uaskofu bila idhini ya Papa. Roma ikatangaza kwamba yeye na hao wanne wametengwa na Kanisa. Lefebvre alikufa 1991. Hao wanne waliondolewa adhabu hiyo mwaka 2009 na Papa Benedikto wa Kumi na Sita.

Jirani zetu wa Kenya nao wana habari yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kati ya Wajaluo, Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko walianzisha Legio Maria. Wafuasi wao waliendelea kutumia Kilatini katika ibada, lakini walikwisha kuwa kanisa jingine.

Na hapa Dar es Salaam? Wengi wenu mmesikia habari za kituo cha maombezi cha Riverside, Ubungo, mahali palipokuwa zamani katika Wilaya ya Kinondoni. Kiongozi wake alikuwa Padre Felician Nkwera, ambaye pia alitunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Aliombea wagonjwa, akisema ametumwa na Bikira Maria. Wafuasi wake walishikilia kupokea komunyo kwa ulimi, si kwa mkono. Katika miaka ya 1990 ugomvi ulikua, na maaskofu wakatangaza kwamba kundi hilo limejitenga na Kanisa. Wao walijibu kwamba wangali Wakatoliki.

Ndugu yangu, usilidharau neno hili. Aliyetengwa na Kanisa hapewi sakramenti. Yawezekana mama yu upande huu na binti yake upande ule.

Sasa tazama vizuri. Mwaka 2004 Roma iliandika kwamba mwamini ana haki siku zote ya kupokea komunyo kwa ulimi. Basi kama ugomvi ungalikuwa juu ya ulimi na mkono tu, ungalikwisha. Kisa kilikuwa kirefu zaidi. Maaskofu walisema: huduma yahitaji idhini, na umoja wahitaji utii. Wafuasi walisema: tunatunza tuliyopokea kwa wazee wetu. Hata huko Roma jambo hili limegeuka: mwaka 2007 Papa Benedikto aliipanulia nafasi Misa ya zamani, mwaka 2021 Papa Fransisko aliipunguza.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Mtaguso ulibadili nini katika lugha ya ibada?
2. Legio Maria walitunza Kilatini. Je, walitunza umoja?
3. Katika mtaa wenu, desturi ikibadilishwa, mzee asiyekubali atendewe namna gani ili asitoke nyumbani?