Ndoo, Dodoki na Mashine ya Presha: Jinsi Usafi Ulivyoanza Kuua Pikipiki Mtaani

Bodaboda inakufa kwa njia nyingi: ajali, mishikaki ya watu wanne, oili isiyobadilishwa mpaka inakuwa uji. Ila kuna njia moja haisemwi kabisa vijiweni, nayo ni usafi. Chombo kinaingia kuoshwa kikiwa kizima, kinatoka kinameta hadi raha, halafu wiki kadhaa mbele gurudumu la nyuma linaanza kulia. Fundi anafungua, anakuta beringi ina kutu na grisi imekuwa kama maziwa. Lawama zinaenda kwa barabara mbovu na spea feki. Maji hayatajwi.

Na ajabu ni kwamba pikipiki hizi zilizaliwa kwa ajili ya watu wasiozitunza. Honda walipotoa Super Cub mwaka 1958, cheni yake ilifunikwa kabisa ili matope yasiifikie. Hadi 2017 zilikuwa zimeshatengenezwa zaidi ya milioni 100, kwa hiyo wazo halikuwa baya. Katikati ya miaka ya 1970 wakaja na CG125, pikipiki iliyolenga nchi ambako barabara ni vumbi na sevisi ni pale inapogoma. Injini ikarahisishwa, cheni ikafungiwa kwenye boksi lake. Wachina wakaiga injini hiyo kwa wingi, na ndiyo damu iliyomo kwenye pikipiki nyingi za bei nafuu zilizomwagika Afrika Mashariki miaka ya 2000.

Kabla ya hapo pikipiki mtaani zilihesabika. Ya bwana shamba, ya padri, ya afisa fulani wa serikali. Ziliogeshwa kwa ndoo, dodoki na kipande cha shati kuukuu, tena Jumamosi, tena na mtoto wa nyumbani aliyeomba mwenyewe ili naye akalie siti kidogo. Huyo mtoto ndiye mwosha pikipiki wa kwanza. Hakujua chochote kuhusu beringi, na hakuwa na haja ya kujua, maana maji ya kopo hayana nguvu ya kuingia popote.

Kisha ikaja bodaboda. Jina lenyewe lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, kwa vijana wa baiskeli waliovusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Baiskeli zikapisha pikipiki, jina likabaki, likasambaa. Tanzania ilitoa kanuni za kuzipa leseni pikipiki na bajaji kubeba abiria mwaka 2010, na kuanzia hapo kila kona ikawa kijiwe. Pikipiki inayolala barabarani kutwa inachafuka kila siku, na abiria hapandi chombo kitakachomchafua suruali ya ofisini. Kuosha kukawa kazi. Wengine wakashuka mitoni, wakaingiza gurudumu kabisa majini, jambo lililoacha oili ikielea kwenye maji ambayo watu wa chini wanafulia. Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu zenye kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, lakini nani alipima.

Mashine ya presha ndiyo iliyogeuza mambo. Kärcher wa Ujerumani walitoa mashine yao ya kwanza ya maji moto yenye presha kubwa mwaka 1950, kwa ajili ya kazi nzito za usafi. Hakuna aliyewaza pikipiki ya abiria. Miaka mingi baadaye zikapatikana ndogo za bei ya kueleweka, za umeme na za petroli, na vijana waliounganisha mtaji wakafungua sehemu za kuoshea. Kazi ya nusu saa ikawa ya dakika tano. Foleni inasogea, hela inaingia, kila mtu kafurahi.

Sasa angalia hesabu yake. Maji ya bomba la nyumbani yanatoka kwa presha ya bar 2 hadi 4. Upepo wa tairi la pikipiki ni kama bar 2. Mashine ndogo ya kuoshea inasukuma bar 100 na zaidi. Kati ya hayo maji na beringi kuna sili, kipete chembamba cha mpira kilichowekwa kuzuia vumbi na mvua. Presha ikielekezwa hapo kwa karibu, maji yanapenya. Na yakishaingia hayatoki kirahisi, kwa sababu sili ileile sasa inayafungia ndani. Hapo kutu inaanza kazi taratibu, huku tangi linang'aa kama jipya.

Anayeumia ni dereva. Aliye kwenye mkataba, anayelipa kila siku mpaka chombo kiwe chake, matengenezo kwa kawaida ni juu yake. Beringi si ghali, ila siku ya kushinda kwa fundi haina abiria na bosi anataka hesabu yake ileile jioni. Akipuuza mlio, beringi inakula habu, na hapo bei inabadilika.

Waoshaji waliobobea walijifunza hili kwa kugombana na wateja, si darasani. Utawajua kwa kuchelewa kwao. Wanaacha injini ipoe mpaka kiganja kinakaa juu yake bila kuruka, kwa kuwa chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi husinyaa ghafla na kinaweza kupinda au kupasuka. Wanazima swichi, wanaziba mdomo wa bomba la moshi kwa mfuko. Matope wanayalowesha kwanza yaanguke yenyewe, maana kusugua mchanga juu ya rangi ni kupiga msasa. Sabuni ya unga wanaikwepa, ni kali kwa rangi na kwa alumini. Mashine wanaitumia kwa mbali, kwa mapigo mapana, kwenye matairi na madigadi tu. Habu, beringi za usukani, kofia ya plagi, swichi za mkononi na chini ya siti wanapapitia kwa dodoki na ndoo, kama yule mtoto wa Jumamosi. Cheni inasuguliwa kwa brashi na mafuta ya taa, kamwe si petroli, kisha inakaushwa na kupakwa oili.

La mwisho wengi wanaliruka, nalo ndilo la hatari kuliko yote: breki. Pikipiki nyingi za kijiweni zina breki za shoo, na shoo zikilowa hazishiki. Dereva anayejua anatembea polepole pembeni huku akikanyaga breki mara kadhaa mpaka zishike, ndipo anapakia mtu.

Siku hizi pikipiki za umeme zimeanza kuonekana Kigali, Nairobi na Dar. Hazina bomba la moshi la kuziba wala plagi ya kukwepa, na kwa hiyo waoshaji wengine wanazipiga presha bila huruma, hadi kwenye viunganishi vya betri. Beringi za magurudumu ni zilezile.