Uzi wa Hariri Katika Njia ya Masasi na Newala

Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, ikitazama bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo yake. Masasi iko magharibi, chini ya uwanda, katikati ya vilima vya mawe. Hii si nchi ya kufuga viwavi wa hariri, na wenyeji wake hawakujulikana kwa vitanda vya kufumia. Hata hivyo, hariri ilifika huku zamani, kidogo kidogo: kwenye pindo la kilemba, kwenye shingo ya kanzu, kwenye mstari mwekundu wa nguo iliyofumwa Maskati. Wanahistoria wa biashara ya kusini wameandika sana juu ya pembe za ndovu, utumwa na mpira, na uzi huu mwembamba wameupita upesi. Ninaamini unastahili kuangaliwa kwa makini, maana mtu akiufuata anakutana na kila mkono ulioifanya historia ya kusini: mfumaji, baharia, tajiri, mpagazi, na yule aliyeuzwa ili nguo ipatikane.

Pwani iliyojua kufuma

Tuanze Kilwa, mji uliokuwa mlango mkuu wa kusini kwa karne nyingi. Waakiolojia waliochimba Kilwa Kisiwani, wakiongozwa na Neville Chittick kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, walikuta vijiduara vya vigae vilivyotobolewa katikati. Hivyo ndivyo vizito vilivyokuwa vikitiwa kwenye vijiti vya kusokotea pamba. Watu wa pwani walikuwa na pamba yao na uzi wao. Hariri ndiyo waliyoipata kwa kununua.

Vasco da Gama alipofika kisiwa cha Msumbiji mwezi Machi 1498, mwandishi wa safari yake aliandika kwamba wenyeji walivaa nguo za mistari zenye rangi nyingi, na vilemba vyenye mapindo ya hariri yaliyotiwa nyuzi za dhahabu. Malindi walimkuta mfalme amevaa vazi la hariri lililopambwa kwa atilasi ya kijani. Duarte Barbosa, aliyeandika miaka michache baada ya Wareno kuipora Kilwa mwaka 1505, alisema kwamba wanaume na wanawake wa mji huo walivaa pamba, hariri na dhahabu.

Barbosa huyohuyo ametuachia habari nyingine. Wafumaji wa Sofala, anasema, walifuma pamba nyeupe, na kwa kuwa hawakuwa na rangi walichukua nguo za buluu za Cambay ya Bara Hindi, wakazifumua, kisha wakazifuma upya pamoja na uzi wao. Huko Pate, mji uliosifiwa katika karne ya 16 na ya 17 kwa nguo zake za hariri, wafumaji walifanya hivyo kwa hariri iliyotoka ng'ambo: nguo ilifumuliwa, uzi ukakusanywa, ukaingizwa katika nguo yenye mtindo wa kienyeji.

Kazi hiyo yaeleweka vizuri zaidi tukikumbuka umbile la uzi wenyewe. Nyuzinyuzi za pamba ni fupi. Zinashikana kwa sababu zimesokotwa, na usokotaji ukilegea zinaachana. Hariri hutoka kwa kiwavi ikiwa uzi mmoja mrefu, na kifukofuko kimoja kinaweza kutoa mamia ya mita bila kukatika. Ndiyo maana hariri huvumilia kuvutwa, kuzungushiwa kijiti na kutandwa mara ya pili. Uso wa kila unyuzi una pande zinazoakisi mwanga, na kwa hiyo rangi yake hung'aa hata ikiwa ni mistari michache tu katikati ya pamba. Mfumaji aliyefumua nguo ya ng'ambo alijua anachokitafuta. Alinunua malighafi iliyovaa sura ya nguo.

Maskati, Zanzibar na taraza

Katika karne ya 19 njia kuu ya hariri ilipita Maskati na Bara Hindi hadi Unguja. Richard Burton, aliyesafiri bara miaka ya 1857 hadi 1859, aliorodhesha nguo za thamani zilizobebwa na misafara: debwani, subaya, ismaili, sahari, na deuli ya hariri kutoka Surat. Debwani ilikuwa ya mirabaraba midogo ya buluu na nyeupe, na upande mmoja ulikuwa na mstari mpana mwekundu. Nguo hizi hazikuwa sawa na merikani, ile pamba nene isiyotiwa rangi iliyokuwa fedha ya njiani. Merikani ilinunua chakula na kulipa wapagazi. Debwani na deuli zilikuwa zawadi na hongo kwa wenye nchi.

Nguo ya Maskati ilipofika Zanzibar haikuwa imekamilika. Vilemba na nguo za kujifunga kiunoni vilifumiwa hapohapo taraza, yaani utepe mwembamba wa hariri kwenye ukingo. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, aliieleza kazi hiyo katika kitabu chake cha lugha ya Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1870. Uzi mchache ukingoni ulitosha kubadili bei ya nguo na heshima ya mvaaji.

Kanzu nayo ilikuwa na hariri yake. Fundi alikata badani na taharizi, akaziunga, akatia kaba shingoni na sijafu penye pindo la mkono. Kisha ikaja darizi, mara nyingi ya hariri nyekundu, ikizunguka shingo na kushuka kifuani kwa mishono midogo iliyopangwa kwa mstari au kwa kiboko, ule mshono wa kupinda huku na huku. Mwisho shada likaning'inizwa shingoni. Hariri yote ya kanzu moja ingeweza kukaa kiganjani, na bado jicho lilikwenda hapo kwanza.

Kupanda na kushuka

Nguo hizo zilipanda bara kutoka Kilwa Kivinje, Lindi, Sudi na Mikindani, na Wayao ndio waliokuwa mabingwa wa njia. David Livingstone, aliyeanzia safari yake ya mwisho Mikindani mwaka 1866, alimkuta Mataka, mtawala wa Wayao huko Mwembe, amevaa Kiarabu. Mtu huyo alikuwa mbali na bahari kwa majuma mengi ya mwendo, lakini mavazi yake yalitangaza kwamba biashara ya pwani ilikuwa mkononi mwake.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Katika njia hiyohiyo nguo ilipanda na watu wakashuka. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya watumwa katika pwani ya bara, na wengi waliofungwa minyororo walitoka nchi za kando ya Ziwa Nyasa. Wamakonde wengi walijificha juu ya uwanda, katika vichaka vizito na nchi isiyo na maji, wakiwakimbia wawindaji wa watu. Kuisifu rangi ya debwani bila kutaja bei hiyo ni kuwadhulumu wahanga mara ya pili.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa Zanzibar. Mwaka 1876 Steere, yule aliyeandika habari za taraza, aliongoza kundi la watu waliokombolewa kutoka Zanzibar, wakashukia Lindi, wakaingia bara na kuanzisha makazi ya misheni Masasi. Watu walioshushwa kama bidhaa walikuwa wakipanda sasa kwa miguu yao. Walikuwa wameishi mjini Zanzibar, wameona kanzu na vilemba vya kila daraja, wengine wamejifunza kushona. Wangoni walipoivamia Masasi mwaka 1882, misheni ilihamia Newala, kwa Matola, mtawala wa Wayao, kabla ya kurudi tena.

Ufundi uliokuwepo na uzi uliokuja

Uwanda wa Makonde ulikuwa na ufundi wake. Nguo za magome ya miti zilipondwa hadi zikalainika. Ukindu ulichanwa, ukasukwa kuwa ukili mrefu, kisha ukili ukaungwa ukingo kwa ukingo mpaka ukawa mkeka. Vidole vinavyosuka ukili vinajua kukaza, kupishanisha na kuhesabu, maarifa yaleyale anayoyahitaji msukaji wa utepe wa hariri. Nchi hii haikukosa mikono. Uzi wenyewe ndio uliokuwa ghali na wa mbali.

Afrika ina hariri yake pia. Nondo wa jamii ya Anaphe hujenga kiota kimoja chenye vifukofuko vingi, na Wayoruba wa Nigeria wamekuwa wakisokota uzi wake kwa kufuma nguo ya sanyan. Wajerumani walijaribu kuifanya bidhaa katika nchi za Ziwa Viktoria kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Lakini hariri hiyo haivutwi kama uzi mmoja. Lazima ichambuliwe na kusokotwa kama pamba, na vinyweleo vya viwavi vinawasha ngozi. Pwani yetu iliendelea kutegemea hariri iliyovuka bahari.

Kisha bei ya uzuri ikashuka. Kanga zilizopigwa chapa zilienea kuanzia robo ya mwisho ya karne ya 19, na rangi nyingi zikapatikana bila mfumaji wa taraza. Pamba iliyong'arishwa kiwandani na hariri bandia zikachukua nafasi kwenye shingo za kanzu na kwenye kofia. Vita navyo vilikula mengi: mwaka 1905 wapiganaji wa Majimaji waliichoma misheni ya Masasi.

Kwa hiyo kinachobaki kikaguliwe sasa. Kanzu ya babu iliyokunjwa sandukuni, kofia ya zamani, kipande cha kilemba: vitu hivi vipigwe picha, mishono yake ihesabiwe, uzi uangaliwe kama ni hariri au pamba, na wazee waulizwe nguo ilinunuliwa wapi na kwa nini. Makumbusho yetu yanajua kuhifadhi vinyago vya Wamakonde, na ni haki. Yautengee uzi nafasi kando ya vinyago hivyo, na maelezo yake yataje pamoja mfumaji wa Maskati, mdarizi wa Zanzibar, mpagazi wa Lindi na mateka wa Ziwa Nyasa. Masasi na Newala zitaonekana jinsi zilivyokuwa: miji ya njiani, iliyopokea dunia na kuilipia gharama yake.