Morani na Ulinzi wa Simba Mbirikani, Kenya, 2003–2007

Marufuku ya uwindaji iliyotolewa na serikali ya Kenya mwaka 1977 haikukomesha mauaji ya simba katika nchi ya Wamaasai. Mwaka 2003, katika ranchi ya jumuiya ya Mbirikani, karibu na Amboseli, wafugaji walianza kulipwa fidia ya mifugo iliyouawa. Mauaji yakapungua, hayakwisha. Fidia ilimfikia mwenye ng'ombe. Morani, ambaye kwa kumwua simba alijipatia jina na heshima, haikumgusa. Mpango wa Walinzi wa Simba, ulioanzishwa mwaka 2007, uliwaajiri morani haohao wafuatilie nyayo, wawaonye wachungaji na wawape simba majina ya Kimaasai. Baadhi yao walikwisha kuua simba, na ujuzi wao wa nyayo ulitokana na uwindaji huo.